Jinsi uti wa mgongo unavyolindwa aota ya kifuani inapofanyiwa upasuaji

Mwaka 1910, Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyekuwa akifanya majaribio ya upasuaji kwa wanyama katika taasisi ya Rockefeller jijini New York, aliandika jambo ambalo hadi leo linawanyima usingizi madaktari wa mishipa ya damu: hatari kubwa ya kuipasua aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, haitoki kwenye moyo wala kwenye aota yenyewe, inatoka kwenye mfumo wa neva. Miaka miwili baadaye alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kuunga mishipa. Kuunga mshipa kulikuwa kumeshawezekana. Kuhakikisha miguu haipoozi wakati mshipa huo umefungwa lilikuwa jambo jingine kabisa.

Ndugu wa mgonjwa wanapoitwa kuelezwa kuhusu operesheni ya aota ya kifuani iliyovimba au kuchanika na kusikia kwamba kuna uwezekano wa kupooza miguu, wengi hushangaa. Mshipa uko kifuani, mgongo hauumwi, na kisu hakitagusa neva yoyote. Miguu inahusikaje? Jibu fupi wanalopewa ni kwamba damu ya kwenda kwenye uti wa mgongo inaweza kukatika. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayoeleza kwa nini kuna mrija kiunoni, kwa nini daktari wa usingizi anaipandisha presha ambayo kila mtu angetaka ishuke, na kwa nini muuguzi anamwamsha mgonjwa usiku wa manane ili tu amwambie achezeshe vidole vya miguu.

Damu inafikaje kwenye uti wa mgongo

Aota hutoka kwenye moyo, hupinda kama upinde juu ya kifua, kisha huteremka ikiwa imeegemea upande wa kushoto wa pingili za mgongo. Hupenya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na huendelea hadi karibu na kitovu inapogawanyika kwenda miguuni. Katika safari hiyo ya kuteremka hutoa jozi baada ya jozi ya mishipa midogo inayopita katikati ya mbavu na, chini zaidi, kiunoni. Kila mmoja hutuma tawi nyuma kulisha misuli na mifupa ya mgongo. Baadhi yake, wala si yote, hutuma kitawi chembamba ndani ya pingili hadi kwenye uti wenyewe, ile kamba laini ya neva inayounganisha ubongo na mwili.

Juu ya kamba hiyo kuna mishipa mitatu inayoteremka kwa urefu. Miwili iko nyuma na hulisha takriban theluthi moja ya uti. Mmoja tu uko mbele, nao hulisha theluthi mbili zilizobaki. Mgawanyo huo una maana kubwa, kwa kuwa sehemu ya mbele ndiyo yenye seli zinazoamrisha misuli, na pia ndiyo inayopitisha hisia za maumivu na joto. Ndiyo maana mgonjwa aliyeumia kwa kukosa damu mbele ya uti anaweza kushindwa kabisa kuinua mguu, asisikie akichomwa sindano, lakini akakwambia bila kukosea kwamba umemgusa kidole gumba. Mara nyingi udhibiti wa mkojo na choo huondoka pamoja na nguvu za miguu.

Mwaka 1882, Albert Adamkiewicz, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Kraków, Poland, alichora kwa makini mishipa hii na kuonyesha kwamba kuna kitawi kimoja kikubwa kuliko vingine kinachoingia upande wa mbele wa uti. Kwa watu wengi hutokea kushoto, kati ya pingili ya tisa na ya kumi na mbili ya kifua. Mshipa huo ukapewa jina lake, na kwa miongo mingi madaktari waliuona kama ndio roho ya jambo lote: ukiupata na kuuokoa, miguu itapona, ukiupoteza, mgonjwa atapooza.

Uzoefu ulikataa kukubaliana na picha hiyo. Kulikuwa na wagonjwa ambao mishipa yao yote ya eneo hilo ilifungwa na wakaamka wakitembea. Kulikuwa na wengine ambao mshipa wa Adamkiewicz uliungwa upya kwa ustadi na bado wakapooza. Ushahidi ulio wazi zaidi ulikuja na stenti zilizovikwa kitambaa, yaani mirija ya wavu wa chuma, ambazo hupachikwa ndani ya aota kupitia kinenani. Stenti ndefu huziba milango ya mishipa ya mbavu moja kwa moja, na hakuna namna ya kuiunga tena. Kama uti ungetegemea mshipa mmoja, basi karibu kila aliyezibwa mshipa huo angeamka hana miguu. Sivyo inavyokuwa. Wengi wao hutoka hospitalini wakitembea.

Wapasuaji Randall Griepp na Christian Etz, pamoja na wenzao waliokuwa New York, ndio walioeleza kwa upana zaidi kinachoendelea. Uti wa mgongo, walisema, unalishwa na mtandao. Damu huingia kutoka juu kupitia mishipa ya shingoni na ile ya chini ya mtulinga, kutoka katikati kupitia mbavu na kiuno, na kutoka chini kupitia mishipa ya nyonga. Yote hukutana katika vijishipa vingi vilivyosambaa kwenye misuli mikubwa ya mgongo na kuzunguka pingili. Ni kama shamba linalopata maji kwa mifereji iliyounganishwa: ukiziba mmoja, maji hutafuta njia kupitia mingine, mradi yana nguvu ya kufika. Ukiziba mingi kwa wakati mmoja huku maji ni haba, kipande cha katikati ndicho kinachokauka kwanza.

Kwa hiyo swali lililo muhimu si tu mshipa gani umefungwa. Ni mingapi imefungwa kwa mpigo, njia nyingine ziko hai kiasi gani, na damu iliyobaki inasukumwa kwa nguvu kiasi gani.

Hesabu inayoamua kila kitu

Uti wa mgongo umefungiwa ndani ya mfereji wa mifupa, umezungukwa na majimaji yaleyale yanayouzunguka ubongo. Majimaji hayo yana shinikizo lake, kwa kawaida kati ya milimita 7 na 15 za zebaki mtu akiwa amelala. Damu inayotaka kuingia kwenye vijishipa vya uti lazima ishinde shinikizo hilo. Kinachobaki ndicho kinachoulisha uti: shinikizo la wastani la damu inayofika pale, toa shinikizo la majimaji.

Sasa tazama kinachotokea daktari anapoweka kibano kwenye aota ya kifua ili damu isipite wakati anaikarabati. Juu ya kibano presha hupanda ghafla, kwa kuwa moyo unasukuma damu ileile kwenye eneo dogo. Chini ya kibano presha huporomoka. Wakati huohuo damu nyingi iliyorundikana sehemu za juu huongeza ujazo ndani ya fuvu na kwenye vena, na shinikizo la majimaji hupanda. Tuseme presha ya chini imebaki 25 na ya majimaji imefika 20. Uti umebakiwa na 5. Kabla ya kibano, presha ikiwa 80 na majimaji 10, ulikuwa na 70. Hakuna neva iliyoguswa, hakuna mshipa wa uti uliokatwa, lakini uti umeshaanza kufa njaa.

Humu ndimo ulimokuwa mtego uliowanasa wengi zamani. Presha ikipanda juu ya kibano, kishawishi ni kuishusha haraka kwa dawa kali za kutanua mishipa kama nitroprusaidi. Moyo unapata nafuu. Lakini dawa hiyohiyo huishusha zaidi presha ya chini ya kibano, na inaweza kuyapandisha majimaji. Namba zinaonekana nzuri kwenye skrini wakati uti unazidi kunyimwa.

Kuna mwizi mwingine anayesahaulika. Aota ikishapasuliwa, milango ya mishipa ya mbavu huonekana kwenye ukuta wa nyuma, na damu hutoka humo kwa kurudi kinyumenyume. Mtu anaweza kudhani ni damu inayopotea tu, ya kufyonzwa na kurudishwa. Ukweli ni kwamba damu hiyo imetoka kwenye mtandao unaolisha uti. Ikiona njia nyepesi ya kumwagikia kwenye mshipa uliofunguliwa, huifuata hiyo badala ya kuingia kwenye uti. Mpasuaji anayelijua hili huiziba milango hiyo mapema, kwa nyuzi au kwa viputo vidogo vya katheta (mrija mwembamba unaoingizwa mshipani), hata ile anayokusudia kuiunga baadaye.

Muda nao ni sehemu ya hesabu. Kibano kikikaa chini ya nusu saa hivi, bila kinga nyingine, wagonjwa wengi husalimika. Kadiri muda unavyosogea kuelekea saa moja, hatari hupanda kwa kasi. Aota iliyovimba kutoka kifuani hadi tumboni haikarabatiwi kwa nusu saa, kwa sababu inabidi kuungwa pia mishipa ya ini, utumbo na figo.

Kutoka kukimbizana na saa hadi kununua muda

E. Stanley Crawford wa Houston, Texas, ndiye aliyeziweka operesheni hizi katika mpangilio ambao bado unatumika. Mwaka 1986 alizigawa katika aina nne kulingana na sehemu ya aota inayobadilishwa. Aina ya pili ndiyo ndefu kuliko zote: huanza karibu na mshipa wa chini ya mtulinga wa kushoto na kuishia chini ya figo, na kwa hiyo hugusa karibu mishipa yote ya mbavu na kiuno. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wake 1,509. Asilimia 16 walipooza au kupata udhaifu wa miguu. Kwa aina ya pili ilikuwa asilimia 31. Crawford alikuwa miongoni mwa wapasuaji wenye kasi na uzoefu mkubwa kabisa duniani, na bado takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu wa kundi hilo aliumia. Kasi ya mikono peke yake haikutosha.

Ilibidi ununuliwe muda. Njia ya kwanza ni kuipelekea damu sehemu ya chini wakati kibano kimekaa. Pampu huchukua damu yenye oksijeni kutoka chemba ya juu ya kushoto ya moyo, au kwenye vena ya pafu inayoingia humo, na kuipeleka kwenye ateri ya kinenani au sehemu ya chini ya aota. Moyo unaendelea kudunda na kulisha kichwa na mikono. Pampu inalisha nyonga, figo na mtandao wa uti kutoka chini. Mpasuaji naye hafungui aota yote kwa mara moja. Anaweka vibano viwili, anakarabati kipande kilicho kati yake, kisha anasogeza kibano cha chini. Kila wakati ni sehemu fupi tu inayokosa damu.

Njia ya pili ni baridi. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoshuka hupunguza mahitaji ya oksijeni ya tishu kwa takriban asilimia 6 hadi 7. Mara nyingi mwili huachwa upoe hadi nyuzi 32 au 34, kiasi ambacho moyo hukivumilia. Pale ambapo hakuna mahali salama pa kuweka kibano cha juu, timu huweza kuupoza mwili hadi nyuzi 18 hivi na kusimamisha mzunguko wa damu kabisa, njia ambayo Nicholas Kouchoukos wa St. Louis aliitetea kwa miaka mingi. Kinga yake ni kubwa, lakini gharama yake ni damu isiyoganda vizuri na mapafu yanayochoka.

Njia ya tatu ni kuiunga upya baadhi ya mishipa ya mbavu kwenye mrija bandia wa kitambaa, hasa ile ya kuanzia pingili ya nane ya kifua hadi ya kwanza ya kiuno. Hapa wataalamu bado wanabishana. Wanaoamini mtandao husema kila mshipa unaoungwa huongeza dakika za kibano, na kwamba nguvu zielekezwe kwenye presha. Wengine hawako tayari kuuacha mshipa mkubwa ulio wazi mbele ya macho yao. Kwa maoni yangu kila upande una haki yake, maana mtandao wa mgonjwa mmoja si wa mwingine: aliyeziba mishipa yake polepole kwa miaka ya ugonjwa wa kuta za ateri ameshajenga njia za kando, na kijana aliyechanikwa aota ghafla hajapata nafasi hiyo.

Mrija wa kiunoni

Mrija huu hutoa sehemu ya majimaji yanayouzunguka uti. Wazo la kuyatoa majimaji ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1962 William Blaisdell na Denton Cooley walionyesha kwa mbwa kwamba kuyapunguza majimaji wakati aota imefungwa kunapunguza kupooza. Ukirudi kwenye ile hesabu utaona sababu: kama huwezi kuongeza upande wa damu, punguza upande unaoipinga.

Kulithibitisha kwa binadamu hakukuwa rahisi. Crawford mwenyewe alifanya jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, likachapishwa 1991, na halikuonyesha faida. Lakini katika jaribio hilo kiasi cha majimaji kilichoruhusiwa kutolewa kilikuwa na ukomo wa mililita 50, na shinikizo halikufuatiliwa likadhibitiwa hadi siku za baada ya operesheni kama ifanyikavyo sasa. Mwaka 2002 Joseph Coselli na wenzake, Houston hukohuko, walichapisha jaribio la wagonjwa 145 wenye operesheni ndefu za aina ya kwanza na ya pili. Wote walipata pampu na kinga nyingine. Tofauti ilikuwa mrija tu. Wasiotolewa majimaji, asilimia 13 walipata kupooza au udhaifu wa miguu. Waliotolewa, asilimia 2.6. Tangu hapo mrija wa kiunoni ukawa kawaida katika operesheni za wazi zenye hatari kubwa.

Unawekwa na daktari wa usingizi kupitia nafasi kati ya pingili za chini za kiuno, kwa kawaida kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, kwa sababu kwa mtu mzima uti wenyewe huishia juu ya hapo. Lengo mara nyingi ni kulibakiza shinikizo karibu na milimita 10 za zebaki, na kutotoa zaidi ya mililita 10 hadi 15 kwa saa. Ukomo huo si wa kubahatisha. Mwili mzima una takriban mililita 150 za majimaji haya, na hutengeneza kama 20 kwa saa. Ukiyatoa haraka kuliko yanavyotengenezwa, ubongo hushuka kidogo ndani ya fuvu, vena nyembamba zinazoushikiza huvutika, na zikikatika damu hujaa kati ya ubongo na utando wake. Mgonjwa aliyeokolewa miguu anaweza kupotezwa na kichwa.

Jambo dogo la kitandani linaweza kuleta balaa hilo. Kipimo cha shinikizo huwekwa usawa na moyo wa mgonjwa, na kimo cha chupa ya kupokelea huamua majimaji yatoke kwa shinikizo gani. Mtu akikiinua kitanda ili amgeuze mgonjwa au amlishe, na mrija ukaachwa wazi bila kurekebisha kimo, namba iliyo kwenye skrini inakuwa ya uongo na majimaji yanamiminika. Katika wodi zenye nidhamu kuna sheria moja: funga mrija kwanza, kisha ndipo uguse kitanda. Madhara mengine ni kuumwa kichwa, maambukizi ya utando wa ubongo, kipande cha mrija kukatikia ndani, na damu kuvilia kwenye mfereji wa pingili, hasa kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Damu iliyovilia hivyo huukandamiza uti na kuleta kupooza kulekule kulikokuwa kunakimbiwa.

Kuusikiliza uti mgonjwa akiwa usingizini

Mgonjwa aliyelala kwa dawa hawezi kuambiwa ainue mguu. Badala yake elektrodi huwekwa kichwani, juu ya sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli, na nyingine kwenye misuli ya miguu na mikono. Umeme mfupi unapopitishwa kichwani, amri huteremka kwenye uti na misuli hujibu. Jibu hilo huchorwa kwenye skrini kama wimbi. Michael Jacobs na wenzake, waliofanya kazi Uholanzi, walikuwa mstari wa mbele kuifanya njia hii iongoze upasuaji badala ya kuuandika tu. Kuna kipimo kingine kinachofuata hisia kutoka mguuni kwenda ubongoni, lakini hicho hupita sehemu ya nyuma ya uti. Kinaweza kubaki kizuri kabisa wakati sehemu ya mbele inakufa.

Kipimo cha misuli kinamlazimu daktari wa usingizi abadilishe kazi yake yote. Dawa za kulegeza misuli hubanwa au huachwa. Gesi za usingizi hupunguzwa, na mahali pake hutumika dawa za mshipani kama propofoli na remifentanili.

Wimbi la miguu likianza kuzama, swali la kwanza ni: je, ya mikono nayo yamezama? Kama yote yamezama, huenda ni usingizi umekuwa mzito au mwili umepoa. Kama ni mguu mmoja tu, tazama kinenani: mrija wa pampu ulioingizwa kwenye ateri ya paja unaweza kuunyima mguu huo damu, na misuli ikanyamaza ilhali uti uko salama. Ila miguu yote miwili ikizama na mikono iko sawa, hapo ni uti. Presha ya juu inapandishwa, pampu inaongezwa kasi, majimaji yanatolewa kwa uangalifu, na mpasuaji anaambiwa kwamba mishipa ile ya mbavu aliyotaka kuiacha sasa iungwe. Dakika kadhaa baadaye wimbi linaweza kurudi. Lisiporudi hadi mwisho, timu inajua mapema kwamba kazi kubwa inawangoja chumba cha wagonjwa mahututi.

Stenti na faida ya kungoja

Mwaka 1987 Nikolay Volodos huko Kharkiv, Ukraine, aliweka stenti yenye kitambaa ndani ya aota ya kifua, na mwaka 1994 Michael Dake na wenzake wa Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 13. Njia hii haina kibano, haina kifua kilichopasuliwa, na presha haiporomoki chini kwa dakika arobaini. Wengi walitarajia kupooza kuishe. Hakukuisha, kwani mishipa ya mbavu iliyofunikwa imefunikwa moja kwa moja.

Hatari hupanda stenti inapofunika sehemu ndefu, hasa zaidi ya sentimita 20. Mgonjwa akiwa ameshawahi kukarabatiwa aota ya tumbo. Mishipa ya nyonga ikiwa imeziba. Au stenti ikifunika pia mshipa wa chini ya mtulinga wa kushoto. Ukiutazama mtandao kwa ujumla utaona kwamba kila kimojawapo ni mlango wa kuingilia uliofungwa. Ndiyo maana mshipa wa chini ya mtulinga, ukilazimika kufunikwa, kwa operesheni zisizo za dharura huungwa kwanza na ule wa shingoni.

Jambo ninaloliona kuwa la thamani kuliko yote yaliyojulikana katika miaka ya karibuni ni kugawanya kazi. Katika majaribio ya nguruwe, kundi la Griepp na Etz liliona kwamba mishipa ya mbavu ikifungwa, vijishipa vya mtandao huanza kutanuka ndani ya siku chache. Mwili hujenga njia mpya ukipewa nafasi. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya wagonjwa 90 waliobadilishwa sehemu ndefu ya aota. Kati ya waliofanyiwa yote kwa mara moja, asilimia 15 waliumia uti bila kupona tena. Kati ya 35 waliofanyiwa kwa awamu mbili, hakuna hata mmoja. Ni kundi dogo, na kungoja kuna hatari yake, kwani aota iliyovimba inaweza kupasuka kabla ya awamu ya pili. Hata hivyo wazo hilo limebadilisha mipango ya operesheni nyingi. Etz, akiwa Leipzig, Ujerumani, aliliendeleza kwa kuziba mishipa michache ya mbavu kwa makusudi, kupitia katheta, wiki kadhaa kabla ya operesheni yenyewe, ili mtandao ujiandae.

Kuhusu mrija wa kiunoni kwa wagonjwa wa stenti, madaktari wamegawanyika. Wengine huuweka kwa kila mwenye hatari kubwa. Wengine, wakiona madhara ya mrija wenyewe, huungoja na kuuweka pale tu dalili zinapoonekana. Msimamo huu wa pili unafaa tu mahali ambapo kuna mtu awezaye kuuweka saa tisa usiku.

Siku zinazofuata

Operesheni ikiisha, uti bado hauko salama. Sehemu kubwa ya wanaopooza siku hizi huamka wakiwa na miguu inayofanya kazi, kisha huipoteza saa au siku kadhaa baadaye. Mtandao unajipanga upya, uti umevimba kidogo, na akiba ni ndogo. Presha ikishuka kwa sababu yoyote, kama dawa ya maumivu, kuvuja damu, kusafishwa figo au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ile hesabu inarudi kwenye namba mbaya.

Kwa hiyo kila saa muuguzi humwambia mgonjwa ainue mguu, aukunje, asukume kwa nyayo. Presha ya wastani hubakizwa juu, mara nyingi 80 hadi 100. Himoglobini hulindwa isishuke chini ya gramu 10 kwa desilita, kwa kuwa damu nyepesi haina oksijeni ya kutosha hata ikifika. Mrija hukaa siku mbili au tatu. Mguu ukilegea, hakuna kungoja daktari apite asubuhi: presha inapandishwa, majimaji yanatolewa, oksijeni na damu vinaongezwa, na picha ya mgongo inapigwa kuhakikisha hakuna damu iliyovilia. Wanaopooza kwa kuchelewa namna hii wana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko wanaoamka wameshapooza, mradi hatua zichukuliwe mapema.

Matokeo yamebadilika. Mwaka 2016 Coselli na wenzake walitoa hesabu ya operesheni 3,309 za aota ya kifua na tumbo: waliopooza bila kupona tena walikuwa asilimia 2.9, na waliobaki na udhaifu wa miguu asilimia 2.4. Hayo ni ya kituo chenye mazoea makubwa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza ya mahali anapotibiwa yeye. Aulize pia kama kazi inaweza kugawanywa kwa awamu, nani ataangalia mrija usiku, na presha yake italengwa wapi.

Na aulize kuhusu vidonge vyake vya presha. Wengi wa wagonjwa hawa wameambiwa kwa miaka mingi kwamba presha ya juu ndiyo adui, nao ni kweli, kwani ndiyo iliyoitanua aota yao. Akirudi nyumbani na kuanza tena dozi zake zote kwa mara moja, presha inaweza kushuka kuliko mtandao mchanga unavyoweza kuvumilia. Dozi hurudishwa kidogokidogo kwa maelekezo ya timu iliyompasua, na miguu ikianza kuwa mizito, kufa ganzi, au mkojo ukigoma, hata kama ni wiki ya pili nyumbani, anapaswa kurudi hospitali saa hiyohiyo.